Dima moja haitoshi taa za kila aina

Dima, yaani swichi ya kupunguza na kuongeza mwanga wa taa, haichaguliwi dukani. Inachaguliwa ukiwa juu ya ngazi, unafungua holda moja baada ya nyingine na kusoma maandishi madogo yaliyochapwa shingoni mwa kila balbu. Watu wengi hufanya kinyume: wanakwenda dukani, wanaona swichi yenye kitasa cha kuzungusha, wanauliza kama inafaa, na muuzaji anajibu, "Hii inakubali taa zote, bosi." Inafungwa jioni hiyohiyo. Kufika saa mbili usiku taa zinapepesa, kitu kinalia zii ukutani, na balbu mbili kati ya nane zinabaki na mwanga hafifu hata baada ya kuzimwa. Lawama anabebeshwa fundi, au shirika la umeme, wakati kosa lilishafanyika kaunta.

Hakuna dima inayokubali taa zote. Na sebule ya siku hizi, iwe Tegeta ya Dar es Salaam au Nyali ya Mombasa, ina taa za kila namna: shandelia ya balbu za mshumaa katikati, daunlaiti zilizotobolewa kwenye jipsamu, mkanda wa LED uliofichwa kwenye ukingo wa dari, pangaboi yenye taa tumboni, na pengine tyubulaiti ya zamani ambayo mwenye nyumba haruhusu iondolewe kwa sababu ndiyo inayomsaidia kusoma. Zote zinaitwa taa, lakini kwa upande wa umeme ni vitu vitano tofauti kabisa.

Kwa hiyo kazi inaanza na karatasi. Andika kila taa kwenye mstari wake: ni ya aina gani, ina wati ngapi, ziko ngapi, inakula 230 V moja kwa moja au inapitia transfoma (kifaa cha kushusha volti) au draiva (saketi ndogo inayolisha LED), na kwenye balbu au boksi lake pameandikwa "dimmable" au la. Boksi nyingine hazina neno hilo. Zina kipicha kidogo cha kitasa cha dima, na kikiwa kimekatwa na mstari maana yake balbu hiyo haitaki dima. Balbu isiyo na neno wala picha ichukulie kwamba haitaki. Karatasi hiyo ikishajaa, dima karibu inajichagua yenyewe.

Dima inafanya nini hasa

Wengi wanadhani dima inabana umeme kama koki inavyobana maji. Zilikuwapo za namna hiyo zamani, zenye waya mrefu wa kuleta ukinzani, na sehemu kubwa ya umeme uliobanwa iligeuka joto. Tangu Joel Spira wa Marekani atengeneze dima ya kielektroniki mwaka 1959, dima za nyumbani hazibani. Zinakata.

Umeme wetu unapanda na kushuka kama wimbi, na ni wa 50 Hz, yaani mawimbi 50 kila sekunde. Kila wimbi linapita kwenye sifuri mara mbili, jumla mara 100 kila sekunde. Katika kila nusu ya wimbi dima inafungua njia kwa muda na kuifunga kwa muda. Ukiishusha chini, muda wa kufunga unakuwa mrefu. Balbu ya waya haikuona tabu na mchezo huo, kwa sababu waya wa tungsteni ukishapata moto haupoi ndani ya sehemu moja ya mia ya sekunde. Jicho linaona mwanga uliotulia. LED haina joto la kujihifadhia. Ikikatiwa umeme inazimika papo hapo, na kinachoifanya iendelee kuwaka ni kapasita (kifaa kidogo kinachohifadhi umeme) na saketi ndogo iliyo ndani ya balbu, yaani draiva. Draiva ndiyo inayoongea na dima. Ikiwa haikutengenezwa kuelewa wimbi lililokatwa, inajaribu kuwasha, inashindwa, inajaribu tena. Huko ndiko kupepesa kunakotoka.

Kuna namna mbili za kukata, na hapa ndipo penye uamuzi mkubwa kuliko wote.

Namna ya kwanza inakata mwanzo wa nusu wimbi. Kwenye boksi imeandikwa "leading edge". Ndani yake kuna swichi ya kielektroniki inayoitwa trayaki, ni ya bei nafuu, na ndiyo imejaa madukani. Inasubiri wimbi lipande kwanza, kisha inafungua ghafla. Wimbi letu la 230 V kileleni linafika kama 325 V, kwa hiyo balbu inapigwa na volti nyingi kwa kishindo, mara 100 kila sekunde. Balbu ya waya inavumilia, ingawa utasikia waya wake ukivuma ukiishusha katikati. Transfoma nzito ya chuma, ile yenye uzito wa kweli mkononi, nayo inavumilia. Draiva ya LED yenye kapasita mbele inavuta umeme mwingi kwa ghafla kila inapopigwa.

Namna ya pili inakata mwisho, "trailing edge". Inaanza na wimbi pale kwenye sifuri, inapanda nalo taratibu, kisha inakata kabla halijamalizika. Ndani haina trayaki bali transista, ndiyo maana bei yake iko juu. Inaendana na LED na transfoma nyepesi za kielektroniki, na mara nyingi inafanya kazi kimya. Ila usiiweke kwenye transfoma nzito ya chuma: koili, yaani waya uliozungushwa ndani yake, haipendi kukatiwa umeme ghafla, inatema volti kubwa kurudi nyuma, na transista za dima zinakufa.

Ukigeuza dima utaona herufi au alama ndogo. R ni mzigo wa kawaida kama balbu ya waya, L ni wa koili, C ni wa kapasita. Dima yenye R na L inakata mwanzo. Yenye R na C inakata mwisho. Yenye zote tatu inaweza kufanya kazi zote mbili, kwa kujitambulia yenyewe au kwa kuchaguliwa na fundi, lakini hata hiyo haitakiwi kubebeshwa koili na kapasita kwa pamoja. Hilo linaandikwa kwenye karatasi ya ndani ambayo hutupwa pamoja na boksi.

Msimamo wetu ni huu: nyumba ikiwa na LED tupu, nunua inayokata mwisho na usisikitikie bei. Tofauti ya hela ni ndogo kuliko daunlaiti mbili zitakazoungua.

Hesabu ya wati, juu na chini

Dima ya kawaida ya trayaki imeandikwa kitu kama 60–400 W. Mtu anasoma 400, anajumlisha taa zake, anapata wati 56, anaona nafasi ni tele. Kumbe namba hiyo ni ya balbu za waya, na nafasi inambana pande zote mbili.

Chukua sebule ile. Daunlaiti 8 za LED za 7 W zinafanya 56 W. Shandelia ina balbu 6 za mshumaa za 4 W, yaani 24 W. Shandelia peke yake iko chini ya 60, na trayaki haitashika. Trayaki ikishafunguliwa inahitaji umeme usiopungua kiasi fulani ili ibaki wazi. Ukiwa mdogo mno inajifunga yenyewe katikati ya wimbi, inafungua tena, inajifunga tena. Ndiyo maana taa zinacheza zaidi zikishushwa chini, na ndiyo maana chumba chenye balbu za waya kilichokuwa kimetulia miaka yote kinaanza vurugu siku balbu zinapobadilishwa kuwa za LED. Dima haijaharibika. Mzigo umepungua kutoka 240 W hadi 24 W.

Upande wa juu kuna mtego mwingine. Kwa kile kishindo cha mwanzo wa wimbi, LED ya 7 W inaichosha dima kuliko balbu ya waya ya 7 W. Kanuni ya mafundi kwa dima isiyo na namba ya LED ni kugawa kwa kumi: 400 W ya balbu za waya ichukulie kama 40 W ya LED. Daunlaiti zetu 56 W zimeshapita. Zitawaka, tena vizuri, kwa wiki kadhaa, kisha trayaki inakufa ikiwa imeshikana: kitasa kinazunguka na taa ziko juu muda wote.

Kwa hiyo tafuta dima yenye namba mbili kwenye boksi, moja ya balbu za waya na moja ya LED, na uifuate ya LED. Inayokata mwisho yenye LED 5–100 W inabeba daunlaiti hizo bila jasho, na nyingine ya aina hiyohiyo inabeba shandelia. Mbona tusiweke zote kwenye dima moja, maana 56 na 24 ni 80 tu? Wati zinaruhusu, tabia hairuhusi. Balbu ya mshumaa ya kiwanda kimoja na daunlaiti ya kiwanda kingine hazishuki sawa. Moja inafika asilimia kumi ikiwa imetulia, nyingine inakatika kwenye ishirini. Utalazimika kuishia pale penye balbu dhaifu, na nzuri ulizozilipia hutazifaidi. Tena watu hawatumii shandelia na daunlaiti kwa wakati mmoja. Wageni wanataka moja, kutazama mpira kunataka nyingine.

Ukiweka dima mbili kwenye boksi moja la ukutani, joto lao linajumlika. Trayaki inayopitisha 400 W za balbu za waya inatoa joto la takribani wati mbili. Ni kidogo kwa kusikia, lakini limefungiwa ndani ya tofali lisilo na upepo, Dar es Salaam, mwezi wa pili. Sahani ya swichi kuwa vuguvugu ni kawaida. Ukishindwa kuikandamiza kiganja kwa sekunde kumi, punguza taa au badilisha dima.

Kuna dawa ya kienyeji ambayo karibu kila fundi ameshaitumia: kuacha balbu moja ya waya ya 40 W kati ya LED ili trayaki ipate mzigo wa kushika. Inafanya kazi. Lakini balbu moja hiyo inaweza kula kuliko zote nyingine kwa pamoja, mwanga wake unageuka mwekundu ukishushwa wakati wenzake ni weupe, na siku ikiungua vurugu inarudi bila mtu kujua kwa nini. Itumie wiki moja ukisubiri dima sahihi, si zaidi.

Taa ambazo hazitaki dima kabisa

Enejiseva, zile za tyubu iliyojikunja, nyingi hazitaki. Zikishushwa zinawaka na kuzima, saketi ya ndani inapata moto, na shingo ya plastiki inabadilika rangi kuwa kahawia. Ukiona shingo ya kahawia kwenye nyumba yenye dima, usiulize zaidi. Tyubulaiti ya choki na stata nayo ni vivyo hivyo. Iache kwenye swichi yake ya kawaida. Balbu janja zinazoongozwa kwa simu zina dima yao ndani. Zipe umeme kamili kwa swichi ya kawaida, maana ukiongeza dima ya ukutani, dima mbili zitagombana.

LED za bei ya chini zisizo na neno "dimmable" ndizo zinazodanganya zaidi, kwa sababu nyingine zinaonekana kukubali siku ya kwanza. Ukiipasua moja utaona sababu: hakuna draiva ya maana, kuna kapasita ya kupunguza volti, daraja la dayodi nne na vipande vya LED vilivyopangwa mstari. Kapasita hiyo inapitisha umeme kwa kadiri wimbi linavyobadilika kasi. Mpe wimbi lenye kona kali la dima, naye anapitisha mwingi kuliko aliokusudiwa, ijapokuwa jicho lako linaona mwanga umepungua. Wiki tatu baadaye vipande vinaanza kuwa vyeusi kimoja kimoja.

Na pangaboi. Mota yake haitaki dima ya taa hata kidogo: inanguruma, inapata moto, na mapigo ya koili yanaua dima. Ina rigileta yake ya kupunguza kasi, yenye hatua tano au inayozunguka. Kinyume chake pia ni kosa; usipitishe taa kwenye rigileta ya feni, maana imetengenezwa kwa ajili ya mota. Pangaboi yenye taa chini yake ipewe laivu (waya unaoleta umeme) mbili kutoka ukutani, moja ya mota kupitia rigileta, moja ya taa kupitia dima au swichi. Boksi likiwa na waya mmoja tu unaopanda juu, chagua kimoja: mota ipate rigileta na taa ibaki inawaka na kuzima kwa kamba yake, au upitishe waya wa pili kwenye paipu ileile kabla rangi haijapakwa.

Spoti za 12 V na mikanda

Spoti zenye pini mbili nyembamba ni za 12 V, zina transfoma juu ya dari. Nyumba za zamani kidogo zilifungwa halojeni za 50 W na transfoma ya kielektroniki ambayo ubavuni imeandikwa 20–60 W. Mtu anabadilisha halojeni kwa LED ya 5 W, na transfoma sasa iko chini ya kiwango chake cha chini hata kabla hujafika kwenye dima. Hapo kubadilisha dima ni kupoteza hela. Toa transfoma, weka draiva ya LED inayokubali dima, au badilisha kabisa uende kwenye holda ya GU10 ya 230 V. Sisi tunapendelea hiyo ya mwisho kwa nyumba za kuishi, kwa sababu kinabaki kitu kimoja cha kuharibika badala ya viwili, na balbu unaibadilisha bila kuingiza mkono kwenye dari.

Mkanda wa LED ni habari nyingine. Usiuwekee dima ya ukutani mbele ya draiva ya kawaida. Dima yake inakaa baada ya draiva, upande wa 12 au 24 V, nayo haikati wimbi la 50 Hz bali inawasha na kuzima umeme wa DC, usio na wimbi, mamia au maelfu ya mara kwa sekunde. Hesabu: mita 5 za mkanda wa 14.4 W kwa mita ni 72 W. Kwa 12 V hiyo ni ampea 6, kwa 24 V ni ampea 3. Draiva iache na akiba ya moja ya tano, kwa hiyo chukua ya 90 au 100 W, na dima ndogo iwe ya ampea 8 kwenda juu ikiwa ni 12 V. Ukingo wa dari ukiwa na mita 12, nunua wa 24 V na ulishe kila mita 5 kwa waya wake kutoka kwenye dima. Ukiunganisha mkanda kwa mkanda, mwisho unakuwa hafifu na rangi inapauka, na ukishusha dima tofauti inaonekana zaidi. Draiva usiifukie ndani ya jipsamu pasipo mlango. Itakufa kabla ya mkanda.

Rangi, na namna jicho linavyoona

Balbu ya waya ukiishusha inakuwa ya dhahabu. LED ya kawaida inabaki na rangi yake. Balbu nyingi madukani kwetu ni 6500 K (K ni kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga), weupe wa mchana, na weupe huo ukishushwa chini unafanya sebule ionekane ya kijivu kama alfajiri ya mvua. Kwenye dima weka 2700 au 3000 K. Ni jambo dogo linalobadilisha chumba kuliko dima yenyewe.

Jicho nalo lina hesabu yake. Mwanga ukipungua hadi asilimia 10 kwa kipimo, mtu anauona kama asilimia 32 hivi. Balbu iliyoandikwa kwamba inashuka hadi asilimia 20 itaonekana kubaki karibu nusu. Kwa chumba cha kulala tafuta inayofika 5 au chini ya hapo. Kwa chumba cha kulia 10 inatosha.

Ndani ya boksi

Zima sakiti breka ya taa kwenye bodi, si swichi tu. Testa ijaribu kwanza mahali penye umeme ujue inaona, kisha ipeleke kwenye swichi. Fungua skrubu mbili, vuta sahani taratibu.

Utakachokiona kwenye nyumba nyingi zilizofungwa kwa mtindo wa Kiingereza ni waya mbili tu za 1.5 mm², mwekundu na mweusi. Simama hapo. Mweusi huo si nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme. Nyutro imeishia juu kwenye taa. Mweusi ni laivu inayorudi kwenye taa baada ya kupita swichi, na ilitakiwa ivalishwe tepu nyekundu ila wengi hawavalishi. Kwenye nyumba mpya ni kahawia na buluu, na hadithi ni ileile. Dima yenye sehemu ya nyutro ikiungwa kwa huo mweusi haitafanya kazi, au itafanya vituko. Kwa boksi la namna hii nunua dima ya waya mbili. Yenye nyutro ni bora kwa LED kwa sababu haihitaji kujilisha kupitia taa, na kama nyumba bado inajengwa, mwambie fundi apitishe nyutro kwenye kila boksi la swichi. Gharama yake wakati huo ni waya tu.

Pima kina cha boksi kwa rula kabla ya kununua. Boksi la 3x3 lenye kina cha milimita 25 linapokea swichi ya kawaida bila shida; dima nyingi zinataka 35. Ukilazimisha, waya zinabanwa kati ya mwili wa dima na ukuta wa chuma, ngozi inachubuka kwenye kona, na siku moja breka inaanguka. Boksi fupi liongezee fremu ya plastiki mbele, au lichimbwe upya.

Waya ya laivu iende kwenye sehemu ya kuingilia kama mchoro ulio mgongoni unavyoonyesha, na inayorudi kwenye taa iende penye alama ya wimbi lililokatizwa na mshale. Ethi iungwe kwenye boksi la chuma, na kwenye sahani ikiwa ni ya chuma. Kaza skrubu, kisha vuta kila waya kwa mkono. Uliolegea unatoa cheche ndogo ambazo zinafanana kabisa na ugonjwa wa dima. Pwani, penye hewa ya chumvi, rudia kukaza baada ya mwaka, ukiangalia shaba isiwe imekuwa ya kijani.

Ngazi au koridoo yenye swichi mbili za tu-wei (taa moja inawashwa na kuzimwa kutoka sehemu mbili) ipewe dima moja ya tu-wei upande mmoja na swichi ya kawaida ya tu-wei upande wa pili. Dima mbili za kawaida zikikutana kwenye laini moja zinakatiana wimbi. Na iwe ya kubonyeza kuwasha na kuzima. Inayozimwa kwa kuzungushwa hadi mwisho haifai hapo.

Kwa fundi anayepima ngozi ya waya kama inavuja, kwa kipimo cha mega cha 500 V: toa dima zote kwanza, pamoja na balbu zake. Zikibaki, utakuwa umezipima na kuziua kwa wakati mmoja.

Kurekebisha, na kusoma dalili

Dima nzuri ya LED ina skrubu ndogo pembeni au chini ya kitasa, ya kuweka kiwango cha chini. Washa, acha taa zipate joto dakika tano, shusha kitasa hadi mwisho. Zungusha skrubu kwa bisibisi nyembamba hadi taa zianze kupepesa, kisha irudishe juu mpaka zitulie, na uongeze kidogo tena. Zima, subiri dakika moja, washa ukiwa bado umeshusha. Zote zimewaka? Kuna balbu zinazobaki hai zikishushwa taratibu lakini haziamki zikiwashwa kutoka chini. Mwishoni mwambie mtu awashe pampu ya maji au pasi. Taa zikikatika, panda kidogo zaidi. Jaribio hili lifanywe na balbu zote mahali pake, kwa sababu balbu moja iliyotulia mezani haikuambii nane zitafanya nini.

Kamera ya simu inaona kisichoonekana. Elekeza kwenye taa iliyoshushwa, weka mwendo wa polepole. Michirizi mizito inayotembea ni mwanga unaocheza, hata kama jicho limeridhika. Kwenye chumba cha kusomea watoto hatuikubali taa hiyo, maana kichwa kinauma bila mtu kujua sababu.

Taa ikibaki na mwanga hafifu baada ya kuzimwa, au kumweka mara moja kila sekunde chache, hiyo ni mvujo mdogo unaopita kwenye dima na kujaza kapasita ya draiva polepole hadi itoe mwako. Swichi zenye kitaa kidogo cha neoni hufanya hivyohivyo. Dawa yake ni kifaa cha kuongeza mzigo, kijibaipasi chenye waya mbili, kinachofungwa juu kwenye taa kati ya laivu inayorudi na nyutro, si kwenye swichi. Kimoja kwa kila laini kinatosha. Na kumbuka mvujo huo unapobadilisha holda: dima iliyozimwa haijakata umeme, breka ndiyo inayokata.

Kelele ukutani ni ya koili ndogo ya kuchuja iliyo ndani ya dima. Kelele darini ni ya balbu. Simama kimya katikati ya chumba usikilize inatoka wapi kabla ya kununua chochote. Redio ya masafa ya kati ikikoroma taa zikiwa nusu na kunyamaza zikiwa juu kabisa, ni trayaki isiyo na chujio la kutosha.

Nyumba yenye inveta au sola iangaliwe peke yake. Inveta ya bei nafuu haitoi wimbi la mviringo bali la ngazi, na dima inayokata mwanzo au mwisho inashindwa kujua sifuri iko wapi. Taa zinapepesa, dima inapata moto, hata kama kwa umeme wa kawaida zilikuwa safi. Ama inveta iwe ya wimbi kamili, ama taa zenye dima zisiungwe kwenye laini ya akiba. Jenereta ndogo isiyotulia mzunguko wake nayo inazichezesha. Hapo panda hadi mwisho na uache.

Wakati wa kununua balbu, ongeza mbili za boksi hilohilo. Kiwanda hubadilisha draiva bila kubadilisha jina, na balbu utakayoipata baada ya miaka mitatu inaweza kuwa na sura ileile na tabia nyingine. Kata kipande cha boksi chenye namba ya balbu na kingine chenye namba ya dima, ubandike kwa tepu ndani ya mlango wa bodi ya breka, pamoja na kile kiwango cha chini ulichoweka.